Jina la Baba Mkwe

Nilifanywa mwalimu nikiwa kisimani. Sijui niseme vipi tena, maana ndivyo ilivyokuwa: niliondoka nyumbani asubuhi na ndoo yangu nikiwa mke wa mtu, nikarudi nikakuta nimeshakuwa mwalimu. Mkutano wa kijiji ulikaa wakati mimi nachota maji, ukanijadili, ukanipitisha, ukafungwa. Mama mkwe alinipokea ndoo pale uani akaniambia, "Shikamoo, mwalimu," yeye mkubwa kwangu, halafu akacheka mpaka akajishika mbavu. Nilidhani jua limempiga.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, serikali iliposema kila mtoto aingie shule. Watoto wakaingia kweli, na ndipo ikaonekana kwamba watoto wapo, madarasa ya udongo yapo, ila walimu hawapo. Likatoka agizo kwamba waliomaliza darasa la saba wafundishe huko huko vijijini, na huku wakifundisha nao wafundishwe. Mimi nilimaliza darasa la saba kwetu upande wa Kishapu, nikaolewa huku kaskazini ya Kahama, jirani na Bulyanhulu, ambako watu walikuwa wameanza kuchimbua dhahabu kwenye mashamba yao wenyewe. Vijana wa kiume waliomaliza shule walikuwepo, lakini walikuwa mashimoni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kutoka shimoni aje kushika chaki. Mume wangu naye alikuwa huko, upande wa Geita, tukimwona msimu wa kulima pamba tu.

"Nani aliyenitaja?" nikamuuliza mama mkwe.

"Mzee. Alisimama mbele ya watu akasema, mke wa mwanangu anasoma bila kusogeza midomo."

Hapo nikakaa chini, palepale kwenye vumbi. Mzee huyo, baba mkwe wangu, hakuwa amenisemesha neno hata moja tangu niingie katika nyumba yake. Sikujua kama aliwahi kuniangalia, seuze kuiangalia midomo yangu ninaposoma.

Kwa asiyetoka kwetu inabidi nieleze. Usukumani mkwe ni mtu wa kukaa naye mbali. Nikimwona njiani naiacha njia, napita majanini, naye anatazama pembeni mpaka nipite. Sikai alipokaa yeye. Sili mbele yake. Akitaka kuniambia jambo anamwambia mama mkwe, hata kama nimesimama nyuma ya ukuta nasikia yote. Na jina lake silitaji. Silitaji nyumbani, silitaji shambani, silitaji hata akiwa safarini na hakuna wa kunisikia. Si hofu ya kupigwa, maana sijasikia mwanamke aliyepigwa kwa hilo. Ila mwanamke anayetaja jina la baba mkwe wake amewatangazia watu kwamba nyumba ile haina mwenyewe. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla hajanifundisha kusonga ugali, na hata humu sitaliandika.

Siku ya kwanza shuleni nilisimama mlangoni, miguu haitaki kwenda. Watoto walikuwa wamekaa kwenye viti vya udongo, wengine sakafuni, wengine mapajani mwa wenzao. Wote wakainuka kwa pamoja wakaimba, "Shikamoo, mwalimu!" Nikageuka nyuma kumtafuta mwalimu. Wakacheka, nikacheka na mimi, lakini moyoni nilikuwa nimeishiwa kabisa. Wachache wa nyuma walikuwa warefu kuliko mimi.

Mafunzo yetu yalikuwa ya kuunga unga. Asubuhi tulifundisha, mchana tulifundishwa. Tulipewa vijitabu vya kusoma wenyewe, kulikuwa na vipindi vya redio pale redio ilipokuwa na betri, na mara kwa mara mratibu alikuja kwa baiskeli kutukusanya kutoka vijiji vya karibu, tukakaa ndani ya ghala la pamba na nyuzi za pamba zikitushika nywele. Mratibu huyo alikuwa mwenzetu, Msukuma wa hapo hapo, mtu mzima mwenye sauti ya upole. Nilimpenda sana. Yeye ndiye aliyetufundisha kuandika andalio la somo, kutengeneza zana kwa mbegu za pamba na vizibo vya chupa, kusimama upande wa ubao badala ya kuuziba kwa mgongo. Na kuliko yote, alitufundisha namna ya kuuliza swali. "Uliza," alikuwa akisema. "Nyamaza kidogo, kila mmoja afikiri. Halafu ndipo utaje jina. Mtoto asiyeitwa kwa jina lake anajua kwamba hujamwona."

Nililishika neno hilo kwa mikono miwili, na lilinisaidia mno. Mtoto aliyekuwa akilala nilimwita kwa jina akaamka, aliyekuwa akiogopa nilimwita kwa jina akainua kichwa. Majina ya darasa zima niliyajua. Moja tu nililijua kuliko yote, na hilo ndilo nililokuwa siliiti.

Alikuwa mtoto wa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Tuliishi naye uwanja mmoja, tulikula naye sufuria moja. Alirithi jina la babu yake kama watoto wengi wa kwetu wanavyorithi, kwa hiyo sisi wanawake wote tulioolewa katika nyumba ile tulimwita Baba. Nami darasani nikaendelea kumwita Baba. "Baba, njoo ubaoni." "Baba, soma mstari unaofuata." "Baba, toa kidole puani." Hakuna mtoto aliyewahi kucheka, maana nusu ya darasa walikuwa na shangazi au mama mdogo anayewaita hivyo hivyo. Mratibu alipokuja kunikagua alisikia, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na yake. Mimi nikaona jambo limekwisha.

Watu wa mjini hawakutupenda. Tulikuwa walimu wa UPE, yaani wa ule mpango wa kila mtoto aingie shule, na herufi hizo tatu walizipa kirefu chao wenyewe, Ualimu Pasipo Elimu. Nilipokwenda Kahama kuchukua chaki, karani wa pale aliniuliza kama najua zinaliwa au zinaandikiwa. Nilimjibu jibu ambalo sitalirudia, chaki nikazipata. Lakini njiani kurudi nililia. Wachimbaji nao walipita dirishani mwa darasa na makoleo yao begani, wanapiga miluzi, wananiuliza mwalimu unachimba nini humo. Siku hizi nasikia kwenye redio mikutano mikubwa ya dunia kuhusu kuinua hadhi ya mwalimu, wataalamu wanaongea vizuri kweli, nami huwa najiuliza kama yupo hata mmoja kati yao aliyewahi kuulizwa kama anakula chaki.

Basi ikaja siku ya mtihani wa kufundisha. Tuliambiwa atakuja mkufunzi kutoka chuoni, atakaa nyuma ya darasa, ataangalia somo moja. Anayefaulu atakwenda chuoni kumalizia mafunzo, apewe cheti, awe mwalimu hasa. Anayeshindwa anarudi kwenye jembe, na darasa lake linabaki hivyo hivyo. Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi. Nilijua fika kwamba nikiondoka mimi hakuna anayekuja, watoto watarudi kuchunga, na wakubwa kidogo watakwenda kusafisha mchanga wa dhahabu mtoni na baba zao.

Kamati ya shule ilikuja yote kumpokea mgeni. Wazee walivaa kofia, uwanja ulifagiliwa mpaka ukang'aa. Gari likafika, akashuka kijana mmoja nadhifu, amechoka, viatu vyeupe kwa vumbi, Kiswahili chake kimenyooka cha watu wa mbali. Wazee wakamwamkia, "Mwangaluka," yaani salamu yetu ya asubuhi, yeye akajibu, "Marahaba," akidhani ameamkiwa shikamoo na wazee wenye mvi. Wazee wakatazamana. Mmoja akakohoa ili asicheke. Nikajisemea, haya, tunaanza.

Baba mkwe alikuwa mjumbe wa kamati. Wenzake waliingia darasani wakakaa ukutani, lakini yeye hakuweza kuingia, kwa kuwa humo ndani nilikuwemo mimi. Akaweka kigoda chake nje, chini ya dirisha, kwenye kivuli cha paa. Kutoka ubaoni niliiona kofia yake tu. Ilikuwa kofia ya zamani ya kitambaa cha kijivu, na kwa jinsi ilivyotulia nilijua kwamba anasikiliza kila neno.

Somo lilikuwa hisabati, kutoa kwa kukopa. Nilikuwa nimeandaa mafungu ya mbegu za pamba, kumi kumi, yamefungwa ndani ya vitambaa kwa kamba za mkonge. Nikauliza, nikanyamaza, nikataja jina. Wakajibu. Nikauliza tena, nikanyamaza, nikataja. Niliuona mkono wa mkufunzi unaandika kwa haraka na uso wake umefunguka. Mratibu, aliyekaa kando yake, aliniinulia nyusi kidogo kunipa moyo. Nilianza kuona raha. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya kisimani nilijiona mwalimu, na nilitamani karani wa Kahama angekuwepo pale anione.

"Tukikopa kumi kutoka huku, huku kunabaki nini?" nikauliza. Nikanyamaza. "Baba, njoo utuonyeshe."

Mtoto akainuka. Mkufunzi akainua kalamu.

"Samahani, mwalimu. Umemwita nani?"

"Baba."

"Ni baba yako?"

"Hapana, ndugu mkufunzi."

"Ana jina?"

"Analo."

"Basi mwite kwa jina lake."

Ilikuwa kama mtu aniambie nivue nguo pale mbele. Nikamweleza, tena kwa adabu zote, kwamba jina la mtoto huyu ni jina la baba wa mume wangu, na sisi huku mkwe hatajwi. Nilisema kwa sauti ya chini, lakini dirisha lilikuwa wazi na kofia ile haikuwa mbali.

Mkufunzi alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonishangaza zaidi baadaye. Akasema kwa upole, "Humu ndani wewe ni mwalimu. Mkwe mwache nyumbani." Halafu akamgeukia mratibu. "Mliwafundisha kuwaita wanafunzi kwa majina?"

Nikashusha pumzi. Mratibu atasema, nikafikiri. Yeye ni wa hapa, ana mkwe, ana mke asiyemtaja baba mkwe wake. Amenisikia nikimwita mtoto huyu Baba mwaka mzima.

Mratibu alitazama viatu vyake. "Tuliwafundisha, ndugu," akasema.

Basi. Hakuongeza neno. Nimekwisha kushtuka mara nyingi maishani, nimewahi kuona shimo la dhahabu likititia na watu ndani, lakini nikiulizwa siku gani nilihisi ardhi inanitoka miguuni, nitaitaja ile. Nilimkodolea macho na yeye hakuinua yake. Wazee wa kamati walishika fimbo zao, kila mmoja anatazama mbele. Watoto walijua. Watoto wa darasa la pili walijua kinachoombwa, na mkufunzi wa chuo hakujua.

"Mwalimu," akasema mkufunzi, "tunakungoja."

Nikawatazama watoto. Kulikuwa na mmoja mbele kabisa, msichana, aliyekuja shuleni miezi michache tu na tayari anaandika jina lake huku amepinda ulimi. Nikafikiri huyu naye atarudi kuchunga mbuzi kwa sababu mimi nina mkwe. Nilikasirika. Nilimkasirikia mkufunzi, nikamkasirikia mratibu, nikajikasirikia mwenyewe kwa kuolewa katika nyumba ya watu wenye heshima zao. Nikafumba macho nikalitaja.

Nililitaja kwa nguvu kuliko nilivyotaka. Yule msichana wa mbele alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mtoto niliyemwita hakusogea. Aligeuka akatazama dirishani, maana katika nyumba yetu jina hilo likiitwa anayeitika ni babu yake.

Na nje, chini ya dirisha, sauti ikaitika, "Naam!"

Aliitika kabla hajafikiri, kama mtu yeyote anavyoitika akisikia jina lake. Halafu nikaiona kofia inainuka, inasimama kidogo pale kwenye fremu ya dirisha, kisha inaondoka. Nilisikia fimbo yake ikigonga mawe ya uwanjani mpaka ikapotea.

Mkufunzi akacheka. "Kumbe wapo wawili!" akasema, na akaandika. Mtoto akaja ubaoni, akakopa, akatoa, akapata. Somo likaendelea mpaka mwisho na mimi sikumbuki hata neno moja nililosema tena. Kabla ya kupanda gari mkufunzi alinipa mkono. "Umeona, mwalimu? Halikuwa jambo gumu."

Nilimfuata mratibu mpaka kwenye baiskeli yake na sikuogopa nani ananisikia. Nikamwambia, wewe si ulijua? Wewe si ulikuwa unasikia? Unaweza kumtaja baba mkwe wa mkeo mbele ya mkeo... nilichanganya hata maneno. Aliniacha nikamaliza. Alikuwa amenywea sana.

"Kwenye karatasi yake ya alama," akasema, "kuna ubao, kuna zana, kuna sauti, kuna majina ya wanafunzi. Hakuna mahali pa kuandika mkwe. Ningelisema hilo, angekwenda kusema chuoni kwamba walimu wa vijijini hawafundishiki. Ningewaponza wote."

"Kwa hiyo ukaniponza mimi."

"Ndiyo," akasema, akapanda baiskeli. Nilitamani nimrushie jiwe. Hata leo sijui kama alikosea, ila jiwe bado natamani.

Nyumbani habari ilikuwa imefika kabla yangu. Mama mkwe alikuwa anatwanga, na hakuinua kichwa. Nikaushika mchi nimsaidie, akaniachia, akaingia ndani. Sikupokewa hata salamu. Baadaye akatoka akasema, "Chukua kuku yule mweupe, nitampelekea mzee. Nitamwambia umekosa." Nikamkamata kuku, nikamfunga miguu, akampeleka. Haikuchukua muda akarudi naye, hajafunguliwa hata kamba.

"Amemkataa?"

"Amesema mrudishe," akajibu mama mkwe, na mwenyewe alikuwa amechanganyikiwa. Kwa miaka yote aliyoishi na mzee yule hakuwahi kumwona akirudisha kuku.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Toba iliyokataliwa maana yake nini? Nilijua wanawake waliorudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hayo. Tangu siku ile baba mkwe hakunikwepa njiani tena, kwa sababu hakupita kabisa njia yangu. Ng'ombe aliwapeleka kunywa maji kwa kuzunguka mbali, nyuma ya kilima. Mume wangu alipokuja kutoka Geita nilimweleza mwenyewe kabla hajaelezwa na wengine. Alikaa na sahani mkononi, tonge limekwama.

"Ulilitaja lote?"

"Lote."

"Mimi mwanawe sijawahi," akasema, akaendelea kula taratibu, na hakuligusa tena jambo hilo.

Matokeo yakaja. Mwenyekiti aliyasoma kwenye mkutano wa kijiji, mkutano ule ule ulionifanya mwalimu bila mimi, na safari hii nilikuwepo. Nimefaulu. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikatafuta kofia ya kijivu katika watu wote wale, sikuiona. Nimepata ualimu nimepoteza nyumba, nikajiambia, na vigelegele vile vikawa vinaniumiza kichwa.

Chuoni tulikaa majuma machache, tukalala kwenye vitanda vya ghorofa na kula maharage. Kipindi cha mbinu za kufundisha kikafika penyewe: uliza, nyamaza, taja jina. Nikanyoosha mkono. "Na kama mwalimu haruhusiwi kulitaja?" Darasa likaangua kicheko. Aliyekuwa akifundisha, si yule mkufunzi wangu, akatabasamu akasema tusonge mbele. Lakini wanawake wa kutoka kwetu, waliokuwa wamekaa upande wa dirisha, hawakucheka hata mmoja. Wakati wa chakula walinizunguka, kila mmoja na kisa chake. Mmoja alikuwa amewabatiza wanafunzi wake wote upya kwa majina ya ndege. Mwingine alifelishwa mara ya kwanza kwa kukaa kimya, na hakuwahi kumwambia mtu sababu. Tulikuwa wengi namna ile, na hapakuwa na aliyetuuliza.

Niliporudi kijijini na cheti changu, nilikuta kisomo cha watu wazima kinanisubiri. Kilikuwa alasiri, kwenye chumba kile kile, na mwalimu wa asubuhi ndiye mwalimu wa alasiri. Kina mama walikuja na watoto mgongoni, wazee na ugoro wao. Baba mkwe hakuwahi kuhudhuria tangu kisomo kianze. Kila mtu alijua sababu: atakaaje mbele ya mkwewe afundishwe? Katika kamati aliweka dole gumba kwenye wino kama wengine wasiojua kuandika, kisha akalifuta kwenye nyasi kwa muda mrefu.

Siku hiyo nilikuwa nimegeukia ubao, naandika silabi. Nyuma yangu pakawa kimya ghafla. Nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Sikuwahi kumwona bila kofia, na nilishangaa kwamba ana upara. Wanawake wawili, nao wakwe zake wa ukoo, waliinuka haraka wakajibanza kona ya mbali. Mimi sikuwa na kona, nilikuwa nimesimama ubaoni. Chaki ikanidondoka.

Akaingia. Akapita katikati ya watu, akakaa kwenye kiti cha mbele, kile cha udongo anachokaa mjukuu wake asubuhi, magoti yakamfika kifuani. Akanitazama usoni.

"Mwalimu," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza aliloniambia maishani bila kumpitia mtu. "Naam, baba."

"Ulilitaja jina langu mbele ya wageni na watoto. Nikaitika. Nimekaa nalo nyikani kule na ng'ombe. Watu wote wamelisikia. Mimi mwenyewe sijaliona. Sitaki kuku. Nionyeshe linafananaje."

Nikaokota chaki. Herufi ya kwanza ikatoka imepinda, nikaifuta kwa kiganja nikaiandika upya. Niliandika polepole, kwa herufi kubwa, mpaka mwisho, kisha nikasogea upande wa ubao nisimzibe.

Baba mkwe aliinamisha kichwa upande mmoja. Akaangalia mwanzo wa jina, akaangalia mwisho, akarudi mwanzo.

"Kumbe ni fupi hivi?" akasema.

"Ndiyo, baba. Ni fupi."

Akaweka kofia sakafuni, akainuka, akanyoosha mkono kuomba chaki.